Duara la Mawe: Kazi Iliyowafanya Wageni Kuwa Jamaa



Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hadi Kahama, neno duara lina maana zaidi ya mstari unaozunguka. Duara ni shimo. Mtu akisema ana duara, tunaelewa kwamba anapo mahali pa kuteremka chini kufuata mwamba wenye dhahabu, na kwamba pembeni ya shimo hilo wako watu: mwenye duara, wachimbaji wanaoshuka, wanaovuta kifusi, wanaotwanga mawe, na mama lishe anayewakopesha chakula hadi siku ya mgao. Mara nyingi watu hao hawakuzaliwa kijiji kimoja, wala lugha zao za nyumbani si moja. Shimo ndilo limewakutanisha. Nimeanza na neno hili kwa sababu mada ya leo ni duara jingine, duara la mawe lililojengwa kiasi cha miaka 5,000 iliyopita karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Nalo lilianza kwa kuchimbwa. Nalo liliwakutanisha watu wengi. Swali letu ni moja: lilijengwa ili iweje? Jibu nitakalolitetea ni kwamba mawe yale hayakuwa saa ya kupimia nyota, wala kiti cha mtawala. Ibada yake ilikuwa ile kazi yenyewe ya kukusanyika, kubeba, kuchimba na kuzika pamoja, kazi iliyowafanya watu wasiochangia damu kuwa jamaa.

Tuanze na ushahidi. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana kuna mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini. Mwaka 2018 kundi la wanaakiolojia likiongozwa na Elisabeth Hildebrand, pamoja na wenzake wakiwamo Elizabeth Sawchuk na Katherine Grillo, lilichapisha matokeo ya uchimbaji wao wa miaka kadhaa mahali hapo. Walichokikuta ni jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi na eneo la mita za mraba zipatazo 700. Wajenzi waliondoa kwanza mchanga wa ufuo wa kale katikati ya jukwaa mpaka wakaufikia mwamba, wakapata bonde kubwa la kuzikia. Ndani yake wakachimba makaburi, mengine wakiyakata katika mwamba wenyewe ulio laini, wakazika watu wao kizazi baada ya kizazi kwa karne kadhaa. Watafiti walichimba sehemu ndogo tu, wakapima kina cha sehemu iliyobaki kwa rada inayopenya ardhini, wakakadiria kwamba humo wamelala watu wasiopungua 580. Karibu na jukwaa hilo yapo maduara madogo ya mawe na marundo ya mawe. Hakuna jengo la ukumbusho lililojulikana hadi sasa katika Afrika Mashariki lililo la kale na kubwa kuliko hilo.

Sasa tuwatazame waliozikwa, kwa maana hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu. Wamo wanaume na wanawake, wamo wazee, wamo watoto wachanga. Hawakutengwa kwa sehemu, kwamba huku walale wakubwa na kule walale wadogo. Wamelala karibu karibu, kaburi likigusa kaburi. Tena karibu kila mmoja alizikwa na mapambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete na bangili za meno ya kiboko, na shanga za mawe ya rangi za kupendeza, ya kijani, ya waridi, ya bluu, ambayo hayaokotwi kila mahali. Mmoja wao alivikwa kilemba kilichotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani. Meno hayo yalihesabiwa yakafika 405, na ili kuyapata ilibidi wanyama wasiopungua 113 wakamatwe, meno yang'olewe, yasafishwe, yapangwe. Aliyefanya kazi hiyo hakuifanya kwa haraka, wala si jambo rahisi kuamini kwamba aliifanya peke yake. Kile kilemba kinatuambia kwamba kumpamba maiti kulikuwa wajibu uliochukua siku nyingi na mikono mingi, na kwamba wajibu huo ulitimizwa pia kwa mtoto ambaye hakuwahi kuwa na mali wala cheo.

Mwisho wa jengo lile nao una maana yake. Bonde lilipojaa, watu hawakuliacha hivyo hivyo. Walilifunika kwa vifusi na tabaka la mawe, wakalisawazisha, kisha wakasimamisha juu yake nguzo za mawe marefu, nyingine zikiwa zimetolewa umbali unaofikia kilomita moja. Hili si jambo la watu waliohama ghafla kwa kukimbia vita au njaa. Ni jambo la watu waliokubaliana kwamba kazi imekamilika, wakaifunga kwa heshima kama mtu afungavyo mlango wa nyumba ya marehemu. Baada ya hapo hakuna aliyezikwa tena katika bonde lile. Na Lothagam Kaskazini haikuwa peke yake: kandokando ya ziwa hilo yanajulikana maeneo ya nguzo yasiyopungua sita, miongoni mwake Kalokol upande wa magharibi na Jarigole upande wa mashariki. Ilikuwa mila ya nchi nzima, na iliendelea kati ya miaka 5,000 na 4,000 hivi iliyopita.

Wakati huo nchi ile ilikuwa inageuka. Kwa maelfu ya miaka kabla yake, sehemu kubwa ya Afrika ya kaskazini na mashariki ilipata mvua nyingi kuliko leo. Hata Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Ziwa Turkana lilikuwa kubwa na la kina, na kandokando yake waliishi wavuvi waliotumia vyusa vya mifupa. Kisha mvua zikapungua. Ziwa likashuka kwa makumi ya mita, ufuo ukasogea mbali, mahali palipokuwa na samaki pakawa tambarare ya mchanga na nyasi. Katika kipindi hichohicho ndipo wanapoonekana wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki, wakiwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, mifugo iliyoingia kutoka kaskazini. Hebu tafakarini hali hiyo. Wavuvi wanapoteza ziwa lao, wafugaji wanaingia katika malisho wasiyoyajua, na wote hawana hakika ya mvua ya mwaka ujao. Wafugaji katika hali kama hiyo hutawanyika, kwa sababu malisho hayatoshi watu wengi mahali pamoja. Lakini kutawanyika kuna hatari yake: mwaka ukiwa mbaya kwako, utamwendea nani akupe mbuzi wa kuanzia upya, ikiwa hakuna anayekujua?

Hapo ndipo nionapo kazi ya lile duara. Watu waliotawanyika walihitaji mahali pamoja pa kurudi, pasipohama na mifugo, na sababu ya kurudi ambayo mtu hawezi kuikataa. Msiba ni sababu ya namna hiyo. Waswahili husema kifo cha wengi harusi, na tunaokaa Shinyanga hatuhitaji kuelezwa sana maana yake. Msiba unapotangazwa, vijana huenda kuchimba kaburi bila kuulizwa ukoo wao, wanawake hukutana kwenye kuni na maji, na jina la asiyefika hukumbukwa. Mtu aliyebeba jiwe kutoka umbali wa kilomita moja ili kulisimamisha juu ya makaburi ya watu 580 amekwisha kutia sahihi mkataba ambao haukuandikwa. Wafu wake na wafu wa mwenzake wako chini ya sakafu moja. Ataanzaje kumwita huyo mwenzake mgeni?

Kwa wenyeji wa usukumani wazo kwamba kazi yenyewe inaweza kuwa ibada si geni. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilizaliwa shambani: watu wanalima kwa mpigo mmoja, ngoma na wimbo vinaongoza mikono, na shamba la mtu mmoja linalimwa na wengi. Haiwezekani kutenga hapo na kusema huku ni kazi na huku ni sherehe. Hapa Geita na kuelekea Biharamulo kuna mfano unaokaribia zaidi mada yetu, nao ni wa Barongo, wafua chuma wa zamani. Peter Schmidt, mwanaakiolojia aliyeutafiti kwa miaka mingi ufuaji wa chuma kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, amewaeleza Barongo kuwa chama cha kazi. Mtu alikuwa Murongo kwa kuingia katika kazi na miiko yake, na tanuri lao lilianzishwa kwa dawa na matambiko kama anavyohudumiwa mama mjamzito, kwa sababu chuma kilihesabiwa kuwa mtoto atakayezaliwa. Watu wa chimbuko mbalimbali walifanywa kuwa wamoja na tanuri. Ikiwa tanuri la udongo liliweza kufanya hivyo katika nchi hii hii, si ajabu kwamba jukwaa la mawe liliweza kufanya hivyo Turkana.

Sasa nijibu pingamizi, na la kwanza ni la nyota. Mwaka 1978 Mark Lynch na Lawrence Robbins walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za Kalokol, mahali panapojulikana pia kama Namoratunga, zilipangwa kufuata machomozo ya nyota saba au makundi yake, yakiwamo Kilimia, Orion na Sirius. Wakaziunganisha na kalenda ya Waborana, ambayo mwanaanthropolojia Asmarom Legesse alikuwa ameieleza miaka michache kabla yake, wakaziweka karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari hiyo ilipendwa sana, na inaeleweka kwa nini. Ilikuwa jibu kwa waliozoea kudharau akili ya Mwafrika wa kale: tazameni, nasi tulikuwa na wanajimu. Lakini penzi la hitimisho halitoshi kuwa ushahidi. Mwaka 1982 Robert Soper alikwenda kupima upya. Nguzo zile ni za mawe ya volkano yenye sumaku, na sumaku ya jiwe huipotosha dira inayowekwa karibu nalo, hivyo vipimo vya kwanza havikuweza kuaminiwa kama vilivyokuwa. Miaka minne baadaye Laurance Doyle alieleza kwamba kalenda ya Waborana inaweza kufuatwa kwa kuutazama mwezi unapokaa sambamba na nyota zile, bila kutegemea mahali zinapochomoza. Kalenda ya namna hiyo inahitaji jicho na kumbukumbu, haihitaji nguzo.

Niongeze hoja ya hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuihakiki mwenyewe. Nguzo 19, ukiziunganisha mbilimbili, zinakupa mistari 171. Na kwa kuwa kila mstari unaelekea pande mbili, unapata maelekeo 342. Upeo wa macho una nyuzi 360. Mwenye maelekeo mengi kiasi hicho hawezi kukosa machache yanayogusa nyota saba, hata kama mawe yangekuwa yamemwagwa na lori. Isitoshe, utafiti wa baadaye umeirudisha Kalokol nyuma kwa zaidi ya miaka 1,500, ukaiingiza katika mila ileile ya Lothagam. Nyota hazikai mahali pamoja kwa muda mrefu kiasi hicho. Machomozo yake husogea polepole karne hadi karne, na mpango uliokadiriwa kwa mwaka 300 kabla ya Kristo hauwezi kuhamishiwa tu kwenye wakati mwingine. Sisemi kwamba wafugaji wale hawakuzijua nyota. Mfugaji asiyejua nyota hafiki mbali usiku. Nasema kwamba maarifa hayo hayakuwa sababu ya kuchimba bonde na kuzika humo mamia ya watu. Wala heshima ya Mwafrika wa kale haihitaji kuegemezwa kwenye dira iliyopotoka, wakati ipo hesabu ya meno 405 yaliyopangwa kwa mkono.

Pingamizi la pili ni la mtawala. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya na kwingineko walifundisha kwamba jengo kubwa ni alama ya dola: penye piramidi pana mfalme, penye ukuta mkubwa pana jeshi na kodi. Kwa mawazo hayo, watu 580 chini ya jukwaa wangemhitaji mtemi wa kuwaamuru wengine wabebe mawe. Pingamizi hili lina nguvu kwetu kwa sababu hapa tulikuwa na watemi hasa, na utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963 tu, muda ambao wazee wengi wanaukumbuka. Lakini mtawala huacha nyayo. Hulala peke yake, au hulala katikati na wengine pembeni; huzikwa na vitu ambavyo wengine hawana; nyumba yake huwa kubwa kuliko nyumba za majirani. Lothagam hakuna hayo. Yupo anayeweza kusema kwamba sehemu iliyochimbwa ni ndogo, na huenda kaburi la mkubwa wao liko upande ambao haujaguswa. Ni kweli sehemu iliyochimbwa ni ndogo. Hata hivyo, mahali pote watafiti walipogusa, mtoto mchanga na mzee wametendewa kwa heshima inayofanana, na mtawala wa kweli hakubali kuchanganywa hivyo katika kaburi moja na watoto wa watu. Mwenye kudai yupo ana deni la kumwonyesha.

Tena jengo lilichukua karne nyingi kujaa. Hakuna amri ya mtu mmoja inayodumu karne nyingi. Kinachodumu muda huo ni desturi ambayo kila kizazi kinaikubali upya kwa sababu kinaona faida yake. Watu wa Stonehenge kule Uingereza nao walizika majivu ya wafu wao ndani ya duara lao tangu mwanzoni kabisa, kabla hata ya kusimamishwa kwa yale mawe makubwa yanayopigwa picha leo. Na katika maduara ya mawe ya Senegal na Gambia, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mawe yanasimama penye makaburi. Mahali na nyakati ni tofauti kabisa, wala hakuna haja ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Kinachofanana ni kwamba binadamu wanaotaka kuambatana na mahali huwaweka kwanza wafu wao hapo.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine, nalo ni la busara: je, kila duara la mawe ni la ibada? La hasha. Hapa Tanzania tunayo Engaruka, chini ya kingo za Bonde la Ufa, ambako wakulima wa karne ya 15 hadi ya 18 walijenga matuta na mifereji ya umwagiliaji kwa mawe katika eneo kubwa. Ndani ya mashamba hayo yamo maduara makubwa ya mawe, na watafiti wameyaeleza kuwa mazizi ya ng'ombe. Anayekwenda Engaruka akitafuta madhabahu kila penye mawe atadanganyika. Kwa hiyo tunahitaji vipimo. Je, mawe yaliletwa kutoka mbali wakati yapo ya karibu? Je, mahali pale pamekosa majivu ya mapishi na takataka za maisha ya kila siku? Je, kazi iliyowekwa inazidi mno mahitaji ya kujikinga na mvua, jua au simba? Je, mahali palifungwa kwa makusudi? Zizi halijibu ndiyo kwa maswali hayo. Lothagam inajibu ndiyo kwa kila moja.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote. Linasema: wale watu hawakuandika, na wewe unajaza ukimya wao kwa bugobogobo na misiba ya Shinyanga. Nakiri kwamba mfano si ushahidi. Barongo hawakuwa wazao wa wajenzi wa Lothagam, wala Wasukuma hawakurithi nguzo za Turkana. Ndiyo maana sikuijenga hoja yangu juu ya mifano. Niliijenga juu ya mchanga ulioondolewa, mapambo waliyogawiwa karibu wote, mawe yaliyobebwa na bonde lililofungwa. Mambo hayo yangekuwa kweli hata kama bugobogobo isingekuwapo. Kazi ya mfano ni kutuonyesha kwamba jambo fulani linawezekana katika maisha ya watu halisi, hasa pale ambapo wengi wamezoezwa kuamini kwamba haliwezekani. Aliyezoezwa kuona mfalme nyuma ya kila jiwe anahitaji kuonyeshwa watu wanaofanya kazi kubwa bila mfalme. Nadharia ikishasimama juu ya mabaki yaliyochimbwa, mfano huipa mwili.

Yapo maisha mengine ya mawe yale ambayo hatuna budi kuyataja. Waturkana wenyewe walifika katika nchi ile miaka mingi mno baada ya nguzo kusimamishwa, na hawadai kuzijenga. Lakini wanayo simulizi kwamba nguzo za Namoratunga ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamdhihaki pepo, wakageuzwa mawe. Itazameni simulizi hiyo kwa makini. Imehifadhi mambo mawili ambayo akiolojia ilikuja kuyathibitisha kwa njia nyingine: kwamba mawe yale ni watu, na kwamba watu hao walikuwa wamekusanyika. Jambo kama hilo liko kwetu Kondoa, ambako michoro ya miambani ya Kolo ilichorwa na watu wengine kabisa zamani sana, ilhali Warangi wa leo wanapatumia mahali pale kwa matambiko. Wajenzi hufa, lugha yao hufa, jina la kabila lao husahaulika, lakini mahali hubaki na mvuto wa kuwaita wengine. Huo nao ni ushahidi wa nguvu ya kile kilichofanywa hapo mwanzo.

Sasa haya yanatuhusu nini sisi wa Geita na Shinyanga? Yanatuhusu kwa sababu sisi nasi tunaishi katika nchi inayogeuka, na tunaishi na wageni. Tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940, tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, watu wamemiminika hapa kutoka kila mkoa. Tunahamisha mawe mengi katika mwaka mmoja kuliko yale ambayo watu wa Turkana waliyahamisha katika karne zao zote. Milima ya magwangala, yaani mabaki ya mawe ya migodini, inaonekana kutoka mbali, na hakuna aliyezikwa kwa heshima chini yake. Siyasemi haya kwa kuwalaumu wachimbaji. Mchimbaji anapofariki mbali na kwao, wenzake wa duarani huchangishana, humnunulia jeneza, humsafirisha hadi kwa mama yake ambaye hawajawahi kumwona. Hapo wanafanya jambo lilelile la Lothagam: wanamfanya mgeni kuwa jamaa kwa njia ya msiba. Desturi hiyo ni hazina, nayo haipimwi kwa gramu.

Wapo watakaosema kwamba watu wenye njaa hawali mawe ya kale, na kwamba kusimamisha tingatinga kwa ajili ya rundo la mawe ni anasa. Nawajibu kwa mfano wa ukanda huu wenyewe. Mwaka 1986, Shinyanga ilipokuwa imekaribia kuwa jangwa, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Uliporudi kwenye desturi ya ngitili, ile ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, na kwenye sheria ndogo za vijiji zilizosimamiwa na dagashida, lile baraza la jadi, miti ilirudi katika eneo lililozidi hekta 300,000. Mtaji wa kazi hiyo ulikuwa kumbukumbu. Kama wazee wangekuwa wamesahau ngitili, fedha peke yake isingeotesha kitu. Kumbukumbu za mahali ni nyenzo ya kuishi, na mtu hawezi kujua mapema ni ipi atakayoihitaji wakati wa shida.

Sheria hatuikosi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi mkubwa kuanza. Kinachokosekana ni macho yenye kuona. Fundi wa vipimo asiyejua tofauti ya rundo la mawe ya shamba na rundo la mawe ya kaburi atapita juu ya yote mawili akiwa na ripoti safi mkononi. Mzee anayejua matongo ya kijiji chake, mahali palipokuwa na tanuri la Barongo, mwamba uliofanyiwa tambiko la mvua, hapewi nafasi ya kutembea na fundi huyo. Tukiwatenganisha hawa wawili, sheria itabaki kabatini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wenye leseni, wakubwa kwa wadogo, kabla hamjaondoa udongo wa juu, watembezeni wazee wa eneo hilo na mtaalamu wa mambo ya kale, mawe yapigwe picha, yapimwe, yaandikwe. Serikali za vijiji, andikeni katika daftari la kijiji majina ya mahali penye mawe, makaburi na matambiko, pamoja na habari zake, wakati wenye kuzijua wangali hai. Walimu, wapelekeni wanafunzi waone kwa macho yao, na muwafundishe kuuliza vile vipimo vinne badala ya kukariri. Watu wa Turkana waliona nchi yao ikikauka, wakaamua kwamba hakuna mtoto wala mzee atakayelala peke yake. Uamuzi huo umedumu katika mawe kwa miaka 5,000. Sisi tunaojua kuchimba kuliko wao tusiwe watu wa kwanza wasioacha chochote juu ya ardhi ila shimo.